Gauni Kama la Mama

Mtaani wananiita Fundi Mkali, na sijui kama wanasifu mishono yangu au wanausema ulimi wangu. Yote sawa tu. Mimi na cherehani hatukujuana leo wala jana, na hakuna bibi arusi aliyevaa gauni langu akarudi kulalamika. Nikisema litakaa, linakaa. Kwa hiyo mtoto wa dada yangu alipochumbiwa, hakukuwa na mjadala wa nani atashona.

Alipita chumbani pangu pa kushonea asubuhi akikimbilia zamu hospitalini, sare ya uuguzi imekunjwa mfukoni. Nilimpima kifua, kiuno na nyonga huku akila ndizi. Nilipomuuliza mtindo, mguu mmoja ulishatoka nje.

"La kiasili, Fundi. Nishonee kama la Mama."

Akaondoka mbio hata bila kuaga.

Hapo lazima nieleze, maana kwetu neno "Mama" lilikuwa na mwenyewe. Dada yangu alimzaa huyu binti angali msichana wa shule. Mama yetu akamchukua mtoto, akamlea kama kitinda mimba wake, akamrudisha dada darasani. Mtoto akakua anamwita bibi yake Mama. Mzazi wake akamwita Dada, kwa sababu ndivyo alivyonisikia mimi nikimwita. Tulicheka, tukasema ataacha akipata akili. Akili akapata, wala hakuacha. Dada aliolewa baadaye na mwanamume mwema, hakujaliwa mtoto mwingine, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwita mama. Hakulalamika hata siku moja. Lakini mimi namjua. Mtoto wa jirani akiita "Mama!" uani, dada alikuwa anageuka kidogo, kisha anajifanya anatafuta kitu. Ilikuwa inaniuma sana.

Mama yetu alitutoka mwaka jana. Basi niliposikia "kama la Mama" sikuuliza mara mbili. Nilifungua sanduku nikalitoa gauni lake la arusi. Lilikuwa jeupe, refu mpaka kisigino, darizi nyekundu kifuani kama yalivyo yote ya kwetu, lakini lake lina kola iliyofunga hadi kooni na mikono inayofika viganjani. Mama hakuwa mtu wa kuonyesha ngozi. Nikalinakili mshono kwa mshono.

Dada alikuwa anakuja jioni kunisaidia vifungo na pindo. Ile kola aliishika, akaitazama, akairudisha mezani.

"Unadhani atalipenda?" aliniuliza.

"Kaomba mwenyewe. Kama la Mama."

"Sawa," akasema, akatunga uzi. "Mama alistahili."

Na alimaanisha, maana dada yangu hana kijicho hata chembe. Ila pindo aliloshona jioni ile lilikwenda upogo, nikalifumua alipoondoka.

Siku ya kujaribisha, binti alisimama juu ya kigoda mbele ya kioo. Dada alipiga magoti kuweka sawa pindo, pini zimejaa mdomoni. Mimi nilikaa pembeni nikingoja sifa zangu. Lilikuwa limemkaa, hakuna hata mkunjo. Binti akajitazama, akaingiza kidole ndani ya kola, akanitolea macho kiooni.

"Sema," nikamwambia. "Usinitolee macho."

"Zuri, Fundi. Zuri sana. Ila hili ni la Bibi."

Bibi. Tangu azaliwe hajawahi kumwita hivyo. Nikadhani masikio yangu yamechoka na kelele za cherehani.

"Bibi gani tena? Si uliniambia kama la Mama?"

"Ndiyo, la Mama." Alisema taratibu, akikitazama kioo, asitutazame sisi. "Lile la shingo ya duara na mikono mifupi. Ulimshonea wewe mwenyewe alipoolewa. Nilikuwa mdogo, nimekaa mbele kabisa, nikamwona anaingia, nikajisemea na mimi nitavaa lile. Nilitaka kumwita Mama siku ile ile, nikaona haya. Halafu Bibi naye angejisikiaje? Nikanyamaza, nikazoea. Ile asubuhi nililitamka neno hilo harakaharaka nikakimbia, nisije nikalirudisha."

Kule chini dada bado alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akizichomeka kwenye kimto chake cha pini, nyingine zikaanguka sakafuni. Mimi nilishaanza kulia, siwafichi.

"Linabadilishika?" binti aliniuliza. "Nimekusumbua bure."

Linabadilishika vizuri tu. Kola unaikata, mikono unaifupisha. Kuongeza ndiyo kazi, kupunguza ni mchezo. Lakini sikumjibu hivyo.

"Usiniulize mimi," nikamwambia. "Muulize mama yako. Yeye ndiye mwenye gauni."

Hata mimi, miaka yote, nilikuwa namwambia "dada yako".

Binti akashuka kigodani, akageuka, akamtazama usoni.

"Mama," akasema. "Itawezekana?"

Dada aliinuka kwa kushikilia meza. Alimshika mabega, akamgeuza, akaanza kumfungua vifungo vya mgongoni, na kile cha kwanza kilimpa taabu kweli.

"Itawezekana, mwanangu," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe acha kulia, lete mkasi."