Mashine ya Bi Zuhura na Mabega ya Mjomba

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile mashine ya mazoezi iliposhushwa nyumbani kwa Bi Zuhura, kule Rahaleo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Chuma kitupu, kina kiti katikati, kapi juu, nyaya zinazoshuka pande zote, na vyuma vizito vimepangwa nyuma kama matofali. Jirani mmoja akauliza korosho zinaingizwa upande gani. Usicheke sana, maana hata mimi nilikuwa nasubiri jibu.

Bi Zuhura alikuwa mkunga mstaafu, na magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Mwanawe, baharia, ndiye aliyemletea. Mwingine angeifungia chumbani, lakini yule mama aliiweka uani chini ya bati, akatangaza kwamba asubuhi ni ya wanawake na mlango wa ua unafungwa, na baada ya alasiri ni ya wanaume. Nilimpenda kwa hilo, na mpaka leo nampenda, Mungu amrehemu.

Sasa nikwambie kwa nini mashine ile ilinihusu. Mdogo wangu Saidi alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkorosho, shambani kwetu Mtawanya. Hospitali walisema hakuna mfupa uliovunjika, ila mgongo umepoteza nguvu, azirudishe polepole kwa mazoezi. Ndoo ya maji ilimshinda. Na kiangazi kile kile mwanangu Hamisi alikuwa anaingia jandoni. Kwetu, siku ya kutoka, mjomba ndiye humbeba mpwa wake mabegani mpaka mlangoni kwa mama. Mtoto akibebwa na mtu mwingine huku mjomba wake yupo anatazama, watu hawatasema kitu mbele yako, lakini mtoto anajua. Mume wangu, kwa nia njema kabisa, alipendekeza tutafute kijana mwenye nguvu zake. Siku ile Saidi aliondoka kwangu bila kugusa chakula.

Basi nikampeleka kwa Bi Zuhura. Alipoona kiti na vishikio, akaenda moja kwa moja kwenye kusukuma kwa mikono, maana vijana wa mjini walikuwa wanatembea wametanguliza vifua, naye alitaka chake kionekane. Siku zikapita, kifua kikaanza kujaa, na mdogo wangu akaanza kufungua vifungo vya shati. Mgongo uliendelea kumuuma vile vile.

Bi Zuhura alimvumilia, kisha jioni moja akamwondoa kwenye kiti. Akajifunga kanga yake vizuri juu ya suruali, akakaa, akasukuma ubao wa miguu mpaka vyuma vikapanda.

"Saidi mwanangu, mtoto utambebea kifuani?" akamuuliza. "Mashine hii ina kazi nyingi, na wewe umeng'ang'ania moja. Anza na miguu. Mgongo utafuata."

Saidi alifunga vifungo vyake na kukaa kwenye kiti.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama ile mashine kwa macho mengine. Kiti ni kimoja, lakini ukigeuka unavuta kwa mgongo, ukiegemea unasukuma kwa mikono, ukishusha miguu, nayo inapata kazi yake, na yote hayo kwenye pembe moja ya ua. Pini ya kuchagulia uzito ukiichomeka juu, mzigo ni mwepesi hata kwa bibi. Ukiishusha, kijana anatoka jasho. Na ukichoka, chuma kinarudi chini mahali pake, hakikuangukii. Mimi mwenyewe, niliyezoea kuamka na kiuno kigumu kwa kuinamia mihogo, nikawa naamka vizuri. Asubuhi zile tulicheka mno, wanawake watupu, kila mmoja akimtania mwenzake anavyohema.

Ikafika siku ya kutoka jandoni. Nimesimama mlangoni, nikasikia ngoma, kisha nikawaona. Hamisi amekaa mabegani mwa mjomba wake, kanenepa. Hilo hatukulifikiria: kule walikuwa wanawalisha vizuri. Saidi alikuwa analowa jasho, lakini mwendo wake ulikuwa sawa.

Kisha nikaliona paa la nyumba yangu. Upenu wa makuti ulikuwa umeshuka sana, mtu mrefu huinama kupita. Na mtoto hashushwi nje, hushushwa kizingitini. Ngoma ikapungua sauti. Nami nikafumba macho, kwa kweli niliogopa.

Nilipofumbua, Saidi alikuwa anashuka kwa magoti, taratibu, mgongo umenyooka, mikono imeshika miguu ya mtoto. Akapita chini ya upenu vile vile amekunja magoti. Kisha kizingitini, paa linapopanda, akainuka, na Hamisi akaja juu pamoja naye, akanitazama mimi mama yake kutoka juu kule, anacheka. Nililia bila aibu. Nyuma yangu Bi Zuhura alisema kwa sauti ndogo tu, "Miguu hiyo."

Mwanangu, nasikia na wewe umenunua mashine ya namna ile. Nimefurahi. Usiifanye ya kuanikia nguo. Anza na mzigo mwepesi, zungukia kazi zake zote, hata ile isiyoonekana ukivaa shati zuri. Mfungulie na jirani, na mama yako mwekee asubuhi yake. Nguvu unazozitafuta si za kujitazamia kwenye kioo. Iko siku mtu wako atapanda mabegani mwako, na paa litakuwa fupi.

Mungu akupe magoti ya kushuka na ya kuinuka, ya kubeba wako na ya kumsujudia Yeye, mpaka nywele zako ziwe nyeupe kama hizi zangu. Amina.