Neno Nililoshindwa Kulitamka Langoni

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za usichana wangu, mwanangu, ni ile ambayo wageni wa posa walisimama langoni kwetu, mlimani juu ya Tengeru, wakakataa kuingia. Hata leo nikiisimulia moyo huenda mbio, nami hujikuta nimesimama katikati ya sebule nikipunga mikono kama mwalimu wa kwaya. Nakusimulia wewe kwa sababu nimesikia kwamba wiki iliyopita ulimshika paka wako mezani kwa daktari wa mifugo hadi akanyamaza, na tangu hapo unajiita muuaji. Sogea unisikilize.

Tulikuwa na mbwa aliyeitwa Karibu. Jina hilo halikuchaguliwa na mtu. Siku moja ya mvua mke wa mwinjilisti wetu alibisha hodi, mama akaitikia "Karibu!" kutoka jikoni, na kabla mgeni hajakunja mwavuli, kijibwa kisichojulikana kilikotoka kikampita miguuni, kikaingia sebuleni na kujilaza juu ya kitambaa cheupe cha kochi. Baba alicheka mpaka akakohoa. Alisema aliyekwisha kukaribishwa hafukuzwi. Tangu hapo vituko havikuisha nyumbani kwetu: kila tulipomkaribisha mtu, mbwa ndiye aliyetangulia mezani, na kila tulipomwita mbwa, jirani aliyekuwa akipita na mkungu wake wa ndizi alijibu kwa adabu, "Starehe, nimekwisha kula."

Nilipomaliza chuo cha ualimu na kurudi nyumbani kungoja ajira, nilimkuta Karibu amevimba taya. Daktari wa mifugo, yule yule aliyemtibu ng'ombe wetu, alimpa dawa, akarudi, akambadilishia. Ikawa kazi bure. Uvimbe ulikuwa saratani, nayo ilikuwa imekwisha kuula mfupa. Karibu alilinusa bakuli la uji kwa hamu, akalamba kidogo, kisha akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwa mnyama yeyote. Daktari akatuambia kwa upole kwamba kilichobaki ni kumpumzisha. Baba akanigeukia: mbwa ni wako, useme wewe. Nikasema ndiyo.

Asubuhi iliyopangwa hakuonekana. Mnyama mwenye maumivu hujificha, nawe umeliona hilo. Tulimtafuta zizini, tukamtafuta nyuma ya ghala, daktari akisubiri na mkoba wake. Mwishowe nilisimama ukingoni mwa shamba la kahawa nikamwita kwa jina. Majani yakatikisika. Akatoka chini ya mibuni akijikokota, mkia ukipunga, akaja moja kwa moja hadi mapajani pangu. Sindano ikafuata.

Hapo ndipo ilipoanzia hatia yangu, mwanangu. Ile "ndiyo" niliyomwambia baba haikunisumbua sana. Kilichoniandama ni kwamba nilimwita kwa neno tunalomwitia mgeni aje kula na kupumzika, naye akaliamini, kumbe nilikuwa nikimwita kwenye kifo chake. Nikaliona neno lenyewe kuwa ni uongo, na mdomo wangu ukakataa kulitamka.

Sasa niambie, mtu ataliepukaje neno hilo katika nchi hii? Nilikuwa nikisema "Pita," "Ingia," "Keti hapo." Chai nilimsogezea mgeni kimya kimya kama anayelisha mfungwa. Hata nilipojaribu kuliongezea "ni" ya watu wengi, jina lake lilikuwa mle ndani likinitazama. Sababu sikumwambia yeyote, maana nilijua nitajibiwa kwamba ni mbwa tu. Na mahali pasipo na maelezo, majirani huyatengeneza yao. Mama Eliya, wa shamba la pili, alimwambia mama nikimsikia, "Huyu amesoma hadi akasahau karibu. Wakimwongezea masomo atasahau na shikamoo."

Kisha ikaja siku ya posa! Elibariki tulisoma chuo kimoja, na kwao ni Daraja Mbili, mjini. Nilimpenda kiasi kwamba asubuhi ile sikuweza hata kumeza chai. Ua mzima ulichemka: masufuria ya ndizi na nyama yakitoa mvuke, wajomba wakibishana na turubai lililokataa kusimama, mbuzi akikata kamba na kufukuzwa na wazee waliovaa suti, mama akibadili kitenge kila alipoona kingine kizuri zaidi. Mchumba hatakiwi kuonekana hadi aitwe, lakini mimi nilikuwa nimechomoka nje kurekebisha maua barazani. Na wageni, kwa muujiza ambao haujapata kurudiwa katika ukoo wetu, wakafika kabla ya wakati. Watu wote walikuwa nyuma ya nyumba wakimfukuza mbuzi, ikabidi niende langoni mwenyewe.

Yakupasa ujue kwamba kwa wazee wetu ujumbe wa posa haupiti langoni bila kukaribishwa. Husema hodi na kusimama. Wakijibiwa, wameanza kupokelewa. Wasipojibiwa, wamekataliwa pasipo ugomvi. Hugeuka na kurudi walikotoka, na jambo hilo halizungumzwi tena.

Aliyetangulia alikuwa Shangazi Naomi, dada ya baba yake Elibariki, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha kanisa.

"Hodi hapa," alisema.

"Shikamooni. Piteni."

"Marahaba. Hodi."

"Ingieni tu, shangazi. Viti vipo."

Akauweka mkoba wake chini taratibu. "Viti tumeviona, binti. Viti havijui kukaribisha."

Mzee mmoja nyuma yake akanung'unika kwamba aliwaambia wasiwahi, hawakumsikia. Lakini mimi nilikuwa namtazama Elibariki. Uso wake ulikuwa umenywea. Aliamini kwamba namkataa mbele ya ukoo wake, tena kwa njia ya heshima ambayo haimwachii mtu hata nafasi ya kuuliza kwa nini. Vijana waliobeba kreti za soda walikuwa wamekwisha kuanza kugeuka. Mama akatokea pembeni ya nyumba na mwiko mkononi, akaganda. Nikafungua kinywa, nikaiona mibuni ikitikisika, na badala ya neno yakatoka machozi.

Shangazi akavuka lile lango ambalo alikuwa amekataa kulivuka, hatua moja tu, akanishika mkono na kuniuliza kilichonipata. Nikamweleza yote palepale, jua likituchoma, wageni wakisikiliza na vifurushi vyao. Mtu mmoja akaguna, "Mbwa?" Shangazi hakumgeukia, aliinua kiganja tu kumzuia, akaniuliza:

"Ulipomwita, alikuja mwenyewe au mlimkokota?"

"Alikuja mwenyewe."

"Na alipofumba macho, kichwa chake kilikuwa wapi?"

"Mapajani pangu."

"Basi nionyeshe ulipomdanganya. Ulimwita kwako, akaja kwako, akafia kwako. Ulitaka afie kule mibunini na nani? Na siafu?"

"Nilimuua, shangazi."

"Maradhi ndiyo yaliyokuwa yakimuua. Wewe ulimfupishia njia." Akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Lia, binti. Mtu hulia akifiwa. Ila kulia ni jambo moja, kujihukumu ni jingine, na kutusimamisha juani ni la tatu kabisa. Sisi mikia ya kutikisa hatuna, lakini miguu inatuuma."

Kicheko kilianzia kwa yule mzee mnung'unikaji, kikapita kwa vijana wa soda, kikamfikia Elibariki, ambaye alicheka na kulia kwa pamoja kama mtu aliyerudishiwa pumzi. Nikafumba macho. Nikasema, "Karibuni." Sauti ilitetemeka, lakini ilifika. Nikatazama shambani. Hakuna kilichotoka. Nikajua kwa mara ya kwanza kwamba kweli hayupo, na kwamba neno lenyewe limebaki zima. Mama akapiga kigelegele na mwiko juu, wajomba wakaja mbio wakidhani mbuzi amekamatwa, na ujumbe ukaingia kwa wimbo ambao nadhani ulisikika hadi barabara kuu.

Jioni, walipokuwa wakijiandaa kuondoka, Shangazi Naomi alinivuta kando. Aliniambia kwamba yeye aliwahi kuwa na ng'ombe aliyevunjika mguu porini, na kwamba aliahirisha uamuzi, leo akisema kesho, kesho akisema labda. Ng'ombe yule aliteseka hadi akajifia. "Nilijiita mwenye huruma," alisema, "kumbe nilikuwa naogopa tu." Kisha akapanda gari. Maneno hayo nimeyabeba maisha yangu yote ya ndoa, na yamenifaa katika mambo makubwa kuliko mbwa.

Basi, mwanangu, wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wengi hulitumia neno hilo kutishia watoto. Mimi, niliyekwisha kuona wajukuu wa watu, naongeza jambo: mjukuu akija hapokonywi kiti, hupakatwa, lakini pia hapewi funguo za nyumba. Majuto yako yapakate. Usiyape funguo. Utajiuliza kama ungesubiri kidogo, kama kulikuwa na dawa nyingine, kama alikutazama kwa kukulaumu. Jiulize na hili pia: ulipokubali, ulikuwa unayakimbia maumivu yako au ulikuwa unayakomesha ya kwake? Ukipata jibu la kweli, liamini, hata kama machozi bado yanatoka. Huzuni ni haki ya aliyependa. Hatia ni ya aliyetenda ubaya, nawe usiivae kwa kuwa tu inafanana na huzuni kwa rangi.

Wala usifiche kilichokupata, kwa kuogopa kuambiwa kwamba ni paka tu. Nilificha, na kimya changu nusura kinipotezee mtu niliyempenda kuliko wote. Mtafute mmoja wa kumweleza, hata akikucheka mwanzoni. Kisha kula. Wafungulie watu mlango. Mapenzi uliyokuwa ukimpa yule mnyama hayakuzikwa naye, na yupo anayeyahitaji leo.

Mungu wa milima na mabonde akufariji, mwanangu. Akupe mkono usiotetemeka siku ya kumsaidia mwenye maumivu, na akuachie moyo unaotetemeka baadaye, maana huo ndio utakaokufanya uaminiwe na kila kiumbe kitakacholala mapajani pako.