Mto wa Sufi Kwenye Keria

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyokaa sana huwakumbusha wenzangu nywele za mama zao. Mimi hunikumbusha mnyororo wa baiskeli ya baba, na mwaka ule nilipomshuku kwamba anataka kutuolea mke wa pili.

Aliinunua baada ya mvuno wa karafuu, hajui hata kuipanda. Alipokwisha kujifunza uwanjani, hakwenda nayo dukani wala msikitini kujionyesha kama wenziwe. Kila alasiri aliukabili mlima wa njia ya Chake Chake, peke yake. Mwanzo alishindwa kwenye mikarafuu ya chini, akashuka akaisukuma, nasi watoto tukacheka hadi tukashika mbavu. Baadaye akajifunza kutouparamia kwa pupa. Akianza polepole, amekaa, akiigawa pumzi yake mpaka juu. Alipouweza, akafunga gunia la mchanga kwenye keria, akaanza kushindwa upya. Mimi nikaona hapa pana jambo. Mtu mzima hajitesi bure.

Ng'ambo ya mlima aliishi mjane mmoja kijana. Jirani yetu Bi Raya, ambaye hakukosa neno, alimwambia mama, "Lisemwalo lipo, shoga. Kama halipo, laja." Mama alikuwa mzito wakati huo, ingawa nyumbani hakuna aliyelitaja tumbo lake. Akaendelea kukuna nazi.

Kisha baba akashona mto wa sufi, yeye mwenyewe, kwa sindano ya magunia, akaufunga kwenye keria. Hapo nikamchukia hasa. Gunia la mchanga halihitaji mto.

"Baba Zuwena, mto huo wa nani?" mama akauliza.

"Wa safari," akajibu, akainamia mnyororo wake, akiupaka mafuta ya nazi.

Mama akaniita jikoni. "Mfuate babako. Uangalie anakoishia."

Nilimfuata nikijificha kwenye mihogo. Alifika juu anahema, akashuka, akasimama kitambo kirefu akitazama kando ya njia, kisha akarudi. Hakuvuka ng'ambo. Nilimweleza mama vilevile nilivyoona, akacheka kicheko kisicho na raha. Tukaamini kwamba ameniona, ndiyo maana akarudi.

Asubuhi moja uchungu ukamshika mama. Baba akaileta baiskeli mlangoni.

"Panda, Mama Zuwena. Twende hospitali."

"Sikai mie juu ya mto wa mke mwenza! Mpandishe uliyemshonea."

"N'mshonee nani mie, kama si weye?" Baba akaishika baiskeli imara. "Mchanga wote ule n'liubeba nisije nikakutua njiani tena. Panda, mke wangu."

Mama akamtazama sana. Kisha akakaa upande upande, akamkamata kiunoni. Nikawakimbilia nyuma mpaka mlimani, na baba hakushuka hata mara moja. Mdogo wangu alizaliwa Chake Chake, akalia mpaka wauguzi wakacheka.

Nilikuja kufahamu ukubwani. Kwetu mimba haitangazwi, wala mtoto hatayarishiwi kwa maneno kabla hajaja, seuze palipokwisha pita msiba. Ndiyo maana baba alinyamaza, na mama akashindwa kuuliza zaidi. Nilipokuwa bado nabebwa mgongoni, mama alipandishwa mlima ule juu ya kitanda, na wanaume wanne, baba mmoja wao. Walipofika juu walikitua wapumzike. Mtoto akazaliwa papo hapo, kando ya njia, wala hakulia.

Ndipo pale baba alipokuwa akisimama.