Mistari ya Kalis ya Bi Nurhana

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya silaha za kale mtaa wa Ghala, Maskati, Mudiri, mkuu wetu, alinipa jambia na kitambaa, akasema, "Seif, ling'arishe mpaka nijione meno." Kwetu silaha ya kale ikiwaka ndiyo imeheshimiwa. Nililisugua nikiogopa kulikwaruza. Woga ule haukuniacha mpaka nilipostaafu, na nyinyi mnaoanza leo msijitahidi kuufukuza.

Baadaye nilihamishiwa chumba cha panga za kigeni, kwa ajili ya tajiri mmoja wa mtaa wa Mawaleh aliyekusanya panga za Ufilipino. Huko ndiko nilikoijua kalis, upanga wa Waislamu wa kusini ya nchi ile, wenye ubapa uliopindapinda. Mpini wake hugandishwa kwa ulimbo, na huo hulegezwa kwa joto dogo. Ukivuta kwa nguvu, unavunja chuma ndani.

Aliyenitia homa hakuwa tajiri yule. Ni Bi Nurhana, muuguzi kutoka visiwa vya Sulu, huko huko kusini ya Ufilipino, aliyeleta kalis ya babu yake tumkazie mpini. Likizo ikifika angeirudisha kwao, kaka yake aivae siku ya harusi. Mpini niliukaza. Mudiri naye, kwa kumkirimu mgeni, akauchukua upanga akaupitisha mwenyewe kwenye mashine ya kung'arishia, ukatoka unameta kama kijiko kipya.

Bi Nurhana alipouona alikaa kitako sakafuni.

"Mistari iko wapi?" aliuliza kwa Kiarabu chake cha kazini. "Wazee watasema nimeuza upanga wa babu, nikanunua mwingine!"

Chuma cha kalis hufuliwa kwa tabaka, kisha hupakwa maji ya ndimu ili tabaka zionekane, kama mishipa ya mbao. Kwao waliujua upanga wao kwa mistari ile.

Mudiri alinivuta pembeni. Sijapata kumwona amenywea vile.

"Nilitaka kumfurahisha, wallahi. Itarudi, Seif?"

"Sijui, Mudiri. Ndimu nnazo. Lakini zikizidi zitakula chuma, na kama mashine imesaga sana, ndiyo basi tena."

"Tia. Maji ntashika mimi."

Akasimama na bakuli la maji ya magadi, yanayokata ukali wa ndimu, midomo ikimcheza kwa dua. Nikapaka. Mstari haukuonekana. Nikapaka tena, chuma kikageuka kijivu kitupu.

"Nimwage?"

"Bado kidogo, Mudiri."

Karibu na mpini ukajitokeza mstari mweusi, kisha wa pili, kisha mingi.

"Mwaga!"

Ila nchani haikurudi. Bi Nurhana aliifuata mistari kwa kidole mpaka ilipokatika.

"Hapa nitawaambia nini?"

"Waambie Maskati kuna mzee mjinga," alisema Mudiri.

Bi Nurhana akaondoka na upanga wake. Hatukujua wazee wa kwao walimpokeaje, na mpaka leo linanikera. Tangu siku hiyo Mudiri hakugusa kitu kabla ya kumuuliza mwenyewe, "Mmezoea kukiona vipi?"

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Sib, pembeni ya Maskati. Juzi wanangu walitaka kulipeleka Ghala jambia la marehemu baba, alilotoka nalo Unguja, likang'arishwe, eti fedha ya mpini imefifia. Nikawaambia palipofifia ndipo kilipokaa kiganja chake. Lakini nawajua wanangu, wananipenda, na kwa kutaka kunifurahisha wanaweza kulipeleka bila kuniambia. Kila nikirudi kutoka msikitini, hulitazama jambia kwanza kabla sijavua kofia.