Kifurushi Kilipokosekana Rwamgasa

Naikumbuka asubuhi moja ya Rwamgasa, mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne, kompyuta kuukuu na kiburi kingi. Nilikuwa nimeiandikia programu zahanati ndogo jirani na machimbo: muuguzi anaingiza uzito wa mtoto, kompyuta inamtajia kipimo cha dawa ya malaria. Kesho yake ingeanza kutumika.

Ilibaki kufunga kikaguzi, ile programu inayosoma msimbo, yaani maagizo uliyoiandikia kompyuta, na kuonyesha makosa mapema. Kila nikijaribu, jibu ni lile lile: kifurushi kinachohitajika, yaani kipande cha programu kilichoandikwa na wengine, hakipatikani. Waliokitengeneza walikuwa wamekiondoa mtandaoni. Basi nikafuta hatua ya ukaguzi, nikamwambia muuguzi, Mama Kulwa, kwamba kazi imekwisha.

"Umeikagua?"

"Kifaa chake hakipo, mama. Hata wa Dar wangekwama."

"Sijauliza ya Dar. Mizani ya watoto ilipovunjika, ulisikia nawakadiria kwa macho? Niliazima ya wanunuzi wa pamba, nikaijaribu kwa sukari ya kilo mbili, ndipo nikawaning'iniza watoto kwa kanga. Walinicheka eti nanunua watoto. Kaa hapo, ng'wanawane, mwanangu wee. Programu yako haimgusi mtoto wangu bila kukaguliwa."

Husemwa cha kuazima hakisitiri matako. Mizani ile ilisitiri watoto wengi.

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, nimenuna, nikaandika kikaguzi changu mwenyewe. Sura yake ilikuwa mbaya, na kilijua kazi moja tu: kutafuta jina la kuhifadhia namba, kama uzito, linaloweza kutumika kabla halijapewa thamani mpya. Nikakitegea kosa la makusudi, kikalinasa. Nilipokipeleka kwenye msimbo wangu, kikanasa ambalo sikulitega: mtoto asiyejaziwa uzito angepewa kipimo cha aliyemtangulia.

Nilimwonyesha Mama Kulwa. Aliitazama foleni ya kina mama.

"Rekebisha," akasema.

Tangu hapo nimetangatanga Buseresere, Kahama, hadi nyumbani Shinyanga, na neno "hakipatikani" nimelisikia kila mahali. Siliinamii tena. Mwanangu, aliye mbali ana haki ya kuondoa kitu chake. Wajibu wako hawezi kuuondoa. Chonga chako, hata kama ni kibovu. Kijaribu kwa kosa unalolijua, kisha kiachie kikague kazi yako bila kujihurumia, maana mficha uchi hazai. Wakikucheka, waache wacheke.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe ukaidi wa kutosha, na akuonyeshe kosa lako kabla halijamfikia mtoto wa mwenzio.