Mkono Uliobaki Begani kwa Meshack

Wadau, mimi nimewahi kujifuta kwenye picha kwa mkono wangu mwenyewe. Aliyeniagiza hakujua ni mimi.

Nafanya kazi steshenari hapa Buzebazeba. Natoa kopi, naunganisha picha za marehemu. Mwezi wa pili akaingia mama mmoja, memori kadi kaifunga kwenye ncha ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kijana wangu asimame na mimi. Ni ya arobaini. Tangu tugombane hatukupiga picha hata moja."

Nikampiga picha, kisha nikafungua ile kadi.

Meshack wangu! Yuko ufukweni Bangwe, anacheka. Msichana kamkumbatia, uso kauficha kifuani kwake.

"Huyo Mrundi mtoe," mama akasema. "Ndiye aliyeniibia mtoto. Nilisema hatakanyaga kwangu, hata msibani hakukanyaga."

Nikamtoa. Nywele, gauni, miguu. Machozi yananitoka, nasingizia vumbi.

Mama nikamweka pembeni ya picha hiyohiyo, nikaanza kumsogeza Meshack kwake kwa mausi ya kompyuta.

"Sasa nipe nimvute mwenyewe," akasema.

Nikamwonyesha: bonyeza, usiachie, vuta. Hakuwahi kushika mausi maishani. Mausi ikifika ukingoni mwa meza anainyanyua, kidole kinaachia, Meshack anabaki njiani.

"Mbona hataki kuja kwangu?" akauliza.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Tukamvuta pamoja mpaka akafika. Nikahifadhi, nikachapa, nikafunga.

Mama akaiangalia sana.

"Na huu mkono begani?"

"Umeshikana na shati, mama. Haukutoka."

Uongo mtupu. Ningeweza kuutoa, nilishindwa tu. Ni kitu pekee nilichobaki nacho kwake.

Akaitazama bangili ya shaba kwenye ule mkono. Kisha akautazama mkono wangu, wenye bangili hiyohiyo.

"Unaitwa nani?"

"Ishimwe, mama."

Akakaa chini sakafuni, kanga usoni. Alilia, nami nikalia. Wateja wakatoka wenyewe.

"Mrudishe," akasema mwishowe. "Mwanangu, mrudishe huyo binti."

Nikafungua faili. Daah!

Kwa yale machozi ya mwanzo nilikuwa nimehifadhi juu ya picha ya awali, nayo ikafutika. Sikutoa kopi kwanza, kosa ambalo kila siku nawagombezea wanafunzi wangu wa kompyuta. Na simu yangu iliibiwa Desemba. Ile ndiyo ilikuwa picha yetu pekee duniani.

Arobaini nilikwenda. Nilikaa jamvini, karibu na mama. Picha ilikuwa mezani, na shangazi mmoja akauliza mkono ule ni wa nani.

"Wa mkwe wangu," mama akajibu. "Uso wake niliufuta mimi."

Jamani, kabla hujamfuta mtu, muulize kwanza jina lake. Mimi mama nimempata, ila kila nikishika mausi natamani kumvuta Meshack arudi aone.