Wimbo wa Mpiga Pasi

Juzi mjukuu wangu anayesomea utengenezaji wa filamu aliketi nami barazani, simu mkononi, tukitazama filamu, akaisimamisha picha kwenye uso wa mtu mmoja mbaya. "Angalia, koko," akaniambia mimi bibi yake. "Taa wameiweka chini ya kidevu, na kamera iko chini vilevile. Donc mutu anaonekana mukubwa, anatisha. Kumbe iko mugonjwa wa kichwa tu, anahesabu-hesabu vitu. Filme ndiyo inamufanya shetani." Yeye aliona somo lake. Mimi nilimwona jirani yetu wa zamani pale mtaani Kabondo, na haya ikanishika.

Sinema yetu, msomaji wangu, ilikuwa Jumapili alasiri katika ukumbi wa misheni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Tulibanana sakafuni tukitafuna mikate ya kukaanga, mafuta yakitutiririka mpaka viwikoni, mashine ikinguruma nyuma yetu. Mwalimu alisimama kando ya shuka lililotundikwa kuonyeshea picha, akitueleza kwa sauti, maana watu wa kwenye picha walisema lugha ya mbali. Siku moja mtu mbaya wa filamu aliishi peke yake, aliongea peke yake, alinawa mikono mara kumi. Kila alipotaka kutokea, noti tatu nzito za muziki zilimtangulia, kisha uso wake ukaja umeangazwa kutoka chini, macho kama mashimo. "Ule, roho yake haiko muzuri," mwalimu akasema. Hatukuhitaji kuambiwa.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi mpiga pasi, mtu wa Maniema, asiye na mke wala mtoto. Jioni alifungua pasi yake ya makaa na kuyapuliza, na uso wake ukawaka kutoka chini. Alihesabu vifungo vya kila shati kwa sauti. Ukimsalimia katikati, alianza upya. Kwa makaa hayo hayo alituchomea likemba, zile ndizi kubwa, na mimi ndiye niliyepewa tamu kuliko zote kwa sababu nilimpelekea nguo za papa, baba yangu. Yote hayo niliyajua. Lakini jioni iliyofuata sinema, nilipoona uso ule unawaka, niliimba zile noti tatu. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilijiona bingwa.

Haikupita wiki, watoto wa mtaa mzima waliimba kila alipopita. Akina mama waliokuwa wameiona filamu wakaanza kunong'onezana kwamba kweli, anaongea na vifungo, na kwa nini hana mke? Mmoja mmoja wakapeleka nguo zao kwingine. Siku moja akaniita.

"Mutoto yangu, ule wimbo munaniimbiaka, ni wa nini?"

Nikamtazama usoni. "Ni wa kusalimia watu, papa."

Akatabasamu, akaushika. Tangu hapo aliuimba mwenyewe akipiga pasi, na watoto waliposikia walitimua mbio.

Kazi ikamwishia, akafunga vitu vyake kwenda Bengamisa. Asubuhi ya safari alisimama kwenye ua wetu na gauni langu la komunio ya kwanza, limekunjwa vizuri ndani ya gazeti. "Vifungo kumi na kimoja, vyote viko," akamwambia mama. Kisha akaniona nyuma ya mlango, akaniimbia zile noti tatu polepole, akiniaga.

"Mujibu basi," mama akasema.

Sikumjibu. Mpiga pasi alidhani ninaona aibu kama watoto wengine, akaenda zake.

Ukumbi ule haupo tena, na pasi za makaa vijana hawazijui. Ningempata hata mtu mmoja anayemkumbuka, ningeungama kwake, lakini wale waliocheka nami wamekwisha. "Koko, unalia nini?" mjukuu wangu aliniuliza juzi. Nikamwambia mwanga wa simu unaniumiza macho. Huo ni uongo wangu wa pili juu ya wimbo ule.